Perkloriri iliyochoka: kuua asidi si kuua shaba



Somo la leo ni juu ya maji fulani ambayo yanaweza kuwa nyumbani kwenu bila ninyi wote kujua. Fundi wa radio anayatumia kwa kutengeneza vibao vyenye njia za shaba, vile vinavyoshika vipande vyote vya radio. Fundi wa mabamba anayatumia kwa kuandika jina ao kuchora tembo, mti, ao mama anayetwanga, juu ya bamba la shaba litakalouzwa ao kupewa mzee anayepumzika kazi. Anapaka nta ao rangi nzito mahali pasipotakiwa kuliwa, kisha anatia bamba ndani ya maji, na maji yanakula shaba pale palipobaki wazi. Maji hayo yanaitwa perkloriri ya chuma. Yakiwa mapya, rangi yake ni kahawia nzito. Yakiisha kufanya kazi sana, yanageuka majani ya giza, yanakula polepole, na siku moja fundi anasema: yamechoka.

Hapo ndipo watu wanatuuliza kwa dispensari: «Munganga, sasa niyamwage wapi?» Ni swali zuri sana, na tunamheshimu kila anayeliuliza, kwa sababu wengi hawaulizi. Wanamwaga kwa mfereji, kwa choo, nyuma ya jiko. Ao wanayaacha ndani ya chupa chini ya kitanda mpaka wanayasahau.

Chupa

Mbele ya kusema juu ya kumwaga, tuseme kwanza juu ya kuweka, maana watoto hawangoji somo liishe. Perkloriri ndani ya chupa ya Coca inafanana na Coca. Ndani ya chupa ya bia, nani atajua? Mtoto akirudi kutoka kucheza, jua kali, kiu kikali, hasomi kitu, anainua na kunywa. Ni namna ileile tunayoijua kwa petroli ya taa iliyowekwa ndani ya chupa ya kinywaji.

Basi: haifai hata siku moja kuweka maji hayo ndani ya chupa ya kinywaji, ya mafuta ya kupika, ao ya dawa ya hospitali. Tafuta bidoni ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha. Andika juu yake kwa herufi kubwa: SUMU, PERKLORIRI. Yule asiyejua kusoma mchoree kichwa cha mfu. Bidoni ikae mahali pa juu, penye kufuli, mbali na jiko, mbali na unga.

Mtoto akiisha kunywa, msukutue kinywa kwa maji na atemee nje. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo, si kikombe kizima kwa mara moja. Usimtapishe: maji yaliyounguza koo wakati wa kushuka yataunguza tena wakati wa kupanda, na yanaweza kuingia ndani ya mapafu. Usimpe mafuta ya mawese. Najua kwamba bibi zetu wengi wanaamini mawese yanashinda kila sumu, lakini kwa jambo hili mawese yanaleta matapishi tu. Usimpe bikarbonati wala maji ya limau kwa kujaribu «kuua» asidi ndani ya tumbo. Mpeleke hospitali mbio, na ubebe bidoni ao chupa yenyewe ili waganga waione.

Na kuna jambo moja zaidi ambalo baba wengine hawapendi kusikia. Tunakutana na mzazi anayesema, «Mtoto alikula samaki mbaya,» kumbe anajua vizuri mtoto alikunywa nini. Anaogopa swali la pili: dawa hiyo ilitoka wapi, ililipwa kwa duka ao ilitoka kwa ghala ya kazi? Ndugu yangu, anayemtibu mtoto hana kazi ya kutafuta mwizi. Shaba iliyoyeyuka ikiingia katika mwili kwa wingi inaleta matapishi, pengine ya rangi ya majani, na kuhara. Nyuma yake inaweza kuharibu damu, ini na figo. Sisi tukitibu «samaki mbaya», tunapoteza masaa ambayo mtoto hana. Sema kweli hapo mlangoni, yanayobaki yatajadiliwa siku ingine.

Shaba ilikwenda wapi?

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Mtu anasema: maji yamechoka, nguvu imekwisha, kwa hiyo hayana ubaya tena. Hiyo ni kosa kubwa. Yaliyochoka ni mabaya kuliko mapya.

Angalia bamba lako. Pale palipoliwa, shaba haiko tena. Ilikwenda wapi? Haikuungua, haikupanda kwa moshi. Iko ndani ya maji, imeyeyuka kama chumvi inavyoyeyuka katika mchuzi. Rangi ya majani unayoiona ni alama yake. Litre moja ya perkloriri nzito, ikiisha kufanya kazi mpaka inachoka, inaweza kubeba gramu 50 za shaba na zaidi. Tena ndani yake mna chuma, na asidi ingali iko, maana kuchoka kwa kula shaba si kukosa asidi.

Gramu 50 ni kidogo mkononi, sivyo? Lakini Shirika la Afya la Ulimwengu limeweka mpaka wa shaba katika maji ya kunywa: miligramu 2 kwa litre moja. Piga hesabu. Gramu 50 ni miligramu 50,000. Ukigawanya kwa 2, unapata litre 25,000. Ni mapipa 125 ya litre 200 ambayo shaba ya ile litre moja inaweza kuyafikisha kwa mpaka huo. Samaki na wadudu wadogo wa mto wanakufa kwa shaba kidogo kuliko ile inayomwumiza mtu.

Wengine wanajibu: «Lakini perkloriri inatumiwa hata kwa kusafisha maji ya mji.» Ni kweli, kuna viwanda vya maji vinavyoitumia kwa kushusha matope. Lakini wao wanatia mpya, iliyo safi, kwa kipimo kidogo sana, kisha wanachuja. Hakuna kiwanda cha maji kinachotia ile iliyokwisha kula shaba.

Kilima kisicho na miti

Sisi watu wa Katanga tuna kitabu kilichoandikwa juu ya ardhi yenyewe, tujue tu kukisoma. Ninyi wote mmeona vile vilima vya shaba, kama upande wa Fungurume: pori linapanda na miti yake, halafu ghafula miti inakoma, panabaki majani mafupi na maua madogo. Watafutaji wa madini walifuata alama hiyo na wakapata shaba. Miti haipendi udongo wenye shaba nyingi. Ni mimea michache tu iliyozoea, kama lile ua ambalo watu wanaliita ua la shaba.

Mtu anayemwaga perkloriri iliyochoka nyuma ya jiko kila mwezi anatengeneza kilima kidogo cha namna hiyo ndani ya lupango lake. Matembele yatageuka manjano, lengalenga haitaota vizuri. Na shaba haiozi. Majani yanaoza, karatasi inaoza, hata mafuta yanakwisha nyuma ya miaka. Shaba inakaa pale mpaka watoto wa watoto wako.

Kwa choo si afadhali. Kama choo ni shimo na kisima cha jirani kiko chini ya mteremko, wakati wa mvua maji yatatafuta njia. Kama una shimo la septiki, shaba inaua vidudu vidogo vinavyokula uchafu ndani yake, na asidi inakula simenti. Kwa lavabo nako perkloriri inakula bomba la chuma na la shaba. Mama wa nyumba ataona kwanza alama ya kutu ambayo sabuni haiondoi. Baada yake bomba litaanza kuvuja ndani ya ukuta.

Chokaa inafanya kazi gani?

Wale wanaofanya kazi kwa idara za kuyeyusha madini hawahitaji mimi kuwafundisha. Katika viwanda kama Shituru kule Likasi, kilichoanza kazi mwaka 1929, ao Luilu karibu na Kolwezi, kilichoanza 1960, njia ilikuwa ileile: asidi inayeyusha shaba kutoka kwa udongo, na umeme unaitoa katika maji. Lakini kati ya hizo hatua kuna kazi ya kuondoa vitu visivyotakiwa, na hapo ndipo chokaa inaingia. Chokaa inapunguza asidi. Asidi ikipungua, chuma kinashindwa kubaki ndani ya maji, kinageuka matope na kushuka chini. Ukiendelea kuongeza, shaba nayo inashuka.

Basi hiyo ndiyo siri yote. Nyumbani tunafanya mambo mawili, si moja. La kwanza, tunaua asidi. La pili, tunaikamata shaba ndani ya matope ili isitembee. Shaba haifi. Yule anayetia chokaa kidogo, akaona povu limekwisha, kisha akamwaga vyote kwa mfereji, amefanya nusu ya kazi, na ni ile nusu iliyo nyepesi.

Kazi yenyewe

Fanya nje, mahali penye hewa, mchana, watoto wakiwa mbali. Si ndani ya jiko. Vaa miwani ya kazi inayofunga pembeni, mifuko ya mikono ya mpira, nguo ya zamani na viatu vilivyofungwa. Perkloriri ikigusa shati, ile alama ya manjano haitoki tena, hata kwa sabuni gani. Weka karibu ndoo mbili za maji safi. Hizo ni za macho na ngozi, zisitumiwe kwa kitu kingine.

Vyombo ni vya plastiki peke yake. Ndoo ya plastiki ya litre 20, mti wa kukorogea, kitambaa kizito cha kuchujia, na karatasi za kupimia asidi, zile zinazogeuka rangi na zenye namba kutoka 1 mpaka 14. Karatasi hizo mtu anaweza kuzikuta kwa duka la dawa ao kuziomba kwa laboratwari. Bila karatasi usianze. Ulimi si kipimo, na jicho peke yake linadanganywa.

Chokaa inayotakiwa ni ile iliyokwisha kuzimwa kwa maji, unga mweupe wa waashi. Chokaa mbichi haifai, inapata moto sana ikikutana na maji. Tena msiichukue chokaa kama unga wa bukari: ikiingia ndani ya jicho ni mbaya, pengine kuliko asidi, kwa sababu inashika na kuendelea kula. Ndiyo maana miwani inavaliwa tangu wakati wa kufungua mfuko wa chokaa.

Tia litre 10 za maji ndani ya ndoo. Mwaga ndani yake nusu litre ya perkloriri iliyochoka, polepole. Usizidishe, hata kama una bidoni nzima ya kumaliza. Ukitia nyingi utapata uji mzito usioshuka wala kuchujika, na utatukana chokaa bure. Pembeni, koroga chokaa ndani ya maji mpaka ifanane na maziwa. Anza kumwaga maziwa hayo ndani ya ndoo, kikombe kidogo kidogo, ukikoroga. Yatapata joto kiasi, matope ya kutu yataanza kuonekana. Ngoja, koroga, pima kwa karatasi. Ongeza tena. Kama perkloriri ilikuwa nzito, nusu litre inaweza kumaliza gramu 200 za chokaa. Kama fundi aliichanganya na maji zamani, itataka kidogo zaidi ya nusu ya hizo, ao hata chini yake. Kwa hiyo fuata karatasi, si mizani.

Unatafuta namba 8 mpaka 9. Watu wengi wanasimama kwa 7, wanasema asidi imekufa. Ndiyo, imekufa, lakini shaba bado haijashuka yote. Ukifika 8 na nusu, ngoja robo saa, koroga, pima tena, maana mara nyingi namba inarudi chini. Usipite 10. Chokaa nyingi kupita kiasi inaleta maji yanayounguza kwa upande mwingine.

Ukikosa chokaa, bikarbonati ya soda inaweza kufanya kazi, lakini itatoka povu jingi sana, kama bia iliyotikiswa, na utahitaji nyingi zaidi: kwa nusu litre nzito, karibu gramu 450. Tia kijiko kwa kijiko, na usifunike chombo mpaka povu liishe kabisa, maana hewa iliyofungiwa inapasua bidoni. Majivu ya mbabula yanasaidia kama maji yamemwagika chini, yanapunguza ukali wakati unatafuta chokaa. Lakini kwa kazi hii ya ndoo siyapendi. Nguvu yake inageuka kwa kila gunia la makala.

Sasa iache ndoo usiku mzima, imefunikwa kwa kibao chepesi, mahali watoto wasipofika. Asubuhi matope yatakuwa chini, kahawia ao majani kidogo, na maji juu. Tazama maji hayo katika chupa nyeupe mbele ya mwanga. Yakiwa na rangi ya buluu ao ya majani, shaba ingali ndani, rudia chokaa. Yakiwa meupe na karatasi inasema 8 ao 9, chuja yote kwa kitambaa, polepole.

Maji yaliyochujwa yana chumvi nyingi, na kushuka kwa shaba hakukosi kuacha kidogo nyuma. Hayafai kwa bustani, wala kwa kuku, wala kwa kuosha chochote. Kama nyumba yako imeungwa kwa bomba kubwa la maji machafu ya kambi, yamwage humo pamoja na maji mengi. Kama haikuungwa, yatie ndani ya bidoni na uyapeleke pamoja na matope. Wakati wa kiangazi wengine wanayakausha kwa jua katika beseni pana ya plastiki. Kwa yale yaliyofanywa na soda inawezekana, chumvi inabaki na inatiwa katika matope. Yale ya chokaa hayakauki vizuri, kwa sababu chumvi yake inavuta unyevu wa hewa, utaona beseni inabaki na utelezi kila asubuhi.

Matope ndiyo shaba yako. Yaweke katika bidoni yenye mdomo mpana, andika: MATOPE YA SHABA, SUMU, na tarehe. Yapeleke kwa ofisi ya usalama ya kituo chenu. Uliza kwanza, delege atakwambia siku na mlango. Usibebe bidoni ndani ya basi la wafanyakazi katikati ya miguu ya watu, wala kichwani mwa mtoto. Na kama unaona kazi hii yote ya ndoo ni ndefu, ama huna karatasi, ama huna chokaa, njia nzuri kuliko zote inabaki ileile: usifanye kitu, funga bidoni ya perkloriri kama ilivyo, andika jina lake, na uulize ofisi ya usalama namna ya kuileta. Wenye shimo kubwa na chokaa nyingi wataimaliza vizuri kuliko wewe.

Vitu visivyopaswa kukutana

Sufuria za aluminiumu. Hili ni kwa wamama zaidi, kwa sababu fundi anayekosa chombo anakimbilia jiko. Perkloriri inaishambulia aluminiumu kwa nguvu sana: maji yanachemka yenyewe, yanarukia uso, na hewa inayotoka inaweza kuwaka moto. Sufuria inatoboka. Ndoo ya bati na pipa la chuma navyo vinaliwa. Hata kijiko.

Maji ya javeli. Mtu anafikiri: javeli inasafisha choo, basi itasafisha na asidi. Javeli ikikutana na asidi inatoa hewa ya klori, yenye harufu inayokamata koo, na ndani ya choo kidogo kilichofungwa inaweza kumwangusha mtu. Ikiwa mume amemwaga maji makali kwa choo na mke anakuja nyuma na javeli, wote wawili wamefanya usafi na matokeo ni hospitali. Ambianeni.

Amonia, na sabuni za majimaji zilizo na amonia, haziui watu hapa lakini zinaharibu kazi: zinaishika shaba ndani ya maji na kuyageuza buluu nzuri sana, na chokaa haiwezi tena kuishusha vizuri.

Na pamba ya chuma? Mafundi wengine wanaitupa ndani ili warudishe shaba yao, wanaona chuma kinageuka chekundu, wanafurahi. Ni elimu ya kweli, viwanda vingi vya dunia vilikusanya shaba kwa vipande vya chuma. Lakini katika beseni nyumbani maji yanapata moto kwa haraka, yanatoa hewa inayoshika moto, na mwisho yanabaki na asidi na chuma ambavyo bado vinataka chokaa. Kwa gramu chache za shaba, sioni faida.

Jicho na ngozi

Maji makali ao chokaa vikiingia katika jicho, usitafute dawa, usitafute maziwa, usitie soda. Maji safi tu, mara moja, yakitiririka kutoka upande wa pua kuelekea nje, kope zikishikwa wazi kwa vidole, dakika 20 kamili kwa saa. Dakika 20 ni ndefu sana kwa mtu anayelia. Mtu mwingine amshike. Kisha hospitali, hata kama anasema haumwi tena. Kwa ngozi, vua nguo iliyolowa na osha namna ileile.

Asidi nitriki

Wachoraji wengine wa mabamba hawatumii perkloriri, wanatumia asidi nitriki kwa sababu inakula haraka. Juu yake nitasema wazi: isikae nyumbani, na usijaribu kuimaliza kwa ndoo yako. Nzito yake ikigusa vitambaa ao vumbi la mbao inaweza kuwasha moto. Iache ndani ya chupa yake ya kwanza, usiihamishe, na uite ofisi ya usalama waichukue.

Ubaya wake mkubwa uko katika moshi. Inapokula shaba inatoa moshi wa kahawia nyekundu, mzito kuliko hewa, unaoshuka chini na kukaa chumbani. Aliyeuvuta anaweza kukohoa kidogo, kisha kukaa vizuri, kula chakula chake cha jioni na kucheka. Lakini ndani mapafu yanaanza kujaa maji polepole, na pumzi inakuja kukatika masaa mengi nyuma, usiku, pengine siku ya pili. Kwa hiyo mtu aliyevuta moshi huo apelekwe hospitali siku ileile, akiwa anajisikia mzima, na waambiwe jina la asidi. Asitembee mbio, asifanye kazi, asilale peke yake. Bibi yake ao ndugu yake akisikia usiku anapumua kwa shida, ao kifua kinatoa sauti ya maji, ao anatema povu, wamkalishe wima na kumpeleka saa hiyohiyo, wasingoje asubuhi.